Lenzi za zamani: feza kidogo, uvumilivu mwingi



Baada ya mkutano wa siku ya posho iliyopita, wamama watatu walibaki mlangoni wakiitazama ile picha ya koko ambayo mwenzetu alikuja nayo. Wakatuuliza: «Kamera hii ni ya bei gani?» Tulipojibu kwamba lenzi iliyopiga picha ile tuliinunua kwa dola 20, walicheka, wakafikiri tunawaficha. Basi juma hili safu yetu inajibu swali lao. Tutasema tulichopata, na tutasema pia tulichopoteza. Kuna mama mmoja wa chama hiki ambaye tulimharibia siku yake, na si haki kusimulia upande mtamu peke yake.

Sisi ni wamama wanne tunaopenda kupiga picha. Si kazi yetu: mmoja anashona, mmoja anafundisha shule ya msingi, wawili wako sokoni na sambaza na unga. Tunakutana siku ya Mungu baada ya misa, watoto wakiwa wamekula. Tulianza na kamera ya Canon EOS iliyoachwa na shemeji wa mmoja wetu alipohama Bukavu. Mwili wa kamera ulikuwa mzima, lakini lenzi yake ilikuwa imeanguka na kuvunjika.

Lenzi ndiyo jicho la kamera; wapiga picha wengi wa hapa mjini wanaiita objektifu. Ni vioo kadhaa vilivyopangwa ndani ya bomba moja ili mwanga ukutane mahali pamoja. Bila lenzi kamera haioni kitu. Tuliulizia lenzi mpya ya kiwanda kilekile, bei ikapita dola 100. Sanduku la chama likatukopesha dola 60, kwa sharti tuzirudishe ndani ya miezi sita. Mnajua feza za sanduku zinatoka wapi: mama aliyeuza makala, mama aliyebeba ndizi kutoka Bagira. Hatukuwa na ruhusa ya kuzichezea.

Ndipo tukamkumbuka mzee mmoja wa Kadutu aliyekuwa na studio zamani, wakati wa filamu. Katika sanduku lake la vitu vilivyokufa mlikuwa kamera ya filamu inayoitwa Zenit. Kamera ilikuwa haifanyi tena, lakini mbele yake bado kulikuwa na lenzi: Helios 44-2, 58mm, f/2. Lenzi za namna hii zilitengenezwa kwa mamilioni katika Umoja wa Kisovieti, na nyingi zilitoka katika kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Mpango wa vioo vyake 6 ulifuata lenzi ya Kijerumani, Biotar ya Carl Zeiss Jena. Mara nyingi tarakimu 2 za kwanza za namba ya kiwandani huonyesha mwaka. Yetu inaanza na 78, kwa hiyo tunaihesabu kuwa ya 1978. Inawazidi umri wawili kati yetu.

Mzee alisema: «Wanangu, hii haiwezi kuingia katika kamera za leo.» Alisema kweli, lakini kuna dawa yake. Lenzi hii hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na upana wa uzi wake ni milimeta 42, ndiyo maana inaitwa M42. Kuna pete ndogo ya chuma ambayo ndani ina uzi huo, na nje ina umbo la mdomo wa Canon. Tulimwagiza mfanyabiashara anayekwenda Kampala, akatuletea kwa dola 7.

Hapa sikilizeni vizuri, maana wengi wanapoteza feza mahali hapa. Kila aina ya kamera ina umbali wake kutoka mdomo unaoshika lenzi hadi sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Lenzi za M42 zinataka umbali wa milimeta 45.46. Canon EOS za kioo zina milimeta 44. Inabaki nafasi ya milimeta 1.46, na pete nyembamba inaijaza sawasawa. Lakini Nikon za kioo zina milimeta 46.5. Hapo lenzi inakaa mbali kuliko inavyotaka: itapiga vizuri ua lililo karibu, lakini mlima ulio ng'ambo ya ziwa utabaki kama umefunikwa na ukungu. Zipo pete za Nikon zenye kioo cha kurekebisha, ila kioo hicho mara nyingi hupunguza usafi wa picha. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zina nafasi kubwa zaidi. Zile za Sony zina milimeta 18 tu, kwa hiyo kwa pete ndefu zinapokea karibu kila lenzi ya zamani. Basi kabla ya kununua lenzi, uliza kwanza kamera yako ni ya aina gani.

Tukaifunga. Kamera ikawaka, lakini haikuitambua lenzi, maana ndani ya Helios hakuna mota wala umeme. Kila kitu ni mkono. Kuna pete kubwa ya kulenga: unaizungusha mpaka sura unayoipiga ionekane safi. Mbele kuna pete mbili za mlango wa mwanga: moja unaichagulia namba, nyingine inafungua na kufunga mpaka namba hiyo. Tulijifunza kufungua mpaka f/2 wakati wa kulenga, kisha kufunga mpaka f/4 kabla ya kubonyeza. Na kwa sababu macho yetu si ya usichana tena, tunatumia kioo cha nyuma cha kamera: tunakuza mara 5, kisha mara 10, tunalenga juu ya kope za mtu, ndipo tunapiga.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Sababu ya kwanza ni mwanga. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18-55mm, ukiivuta mpaka mwisho inafungua f/5.6 tu. Ikiwa f/2, Helios inaingiza mwanga karibu mara 8 ya huo. Jioni umeme ukikatika, taa moja ndogo ya sola inatosha kupiga uso wa mtoto anayesoma. Sababu ya pili ni ile nyuma laini: ukuta mbaya, kamba ya nguo, ndoo, vyote vinayeyuka, na majani ya miti yanazunguka kichwa cha mtu kama kisulisuli. Wengine hawapendi mzunguko huo. Sisi tuliupenda.

Lakini kuna mambo mawili ya kuzoea. Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yetu, 58mm inabana kama 93mm, kwa hiyo ndani ya chumba kidogo unarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Na ukipiga kwa f/2 ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, eneo linalokuwa safi lina kina cha sentimeta 5 hivi. Jicho likiwa safi, sikio limeshapotea. Mtu akiinama kidogo kucheka, picha imekwenda.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya koko. Alikuwa bibi wa mwenzetu mshonaji, ameketi barazani akichambua maharagi. Katika maisha yake yote picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile ndogo ya kadi ya uchaguzi. Tulikawia sana kulenga, hata akatusahau. Kifaranga kikaja kunyang'anya maharagi, koko akakitishia kwa mkono huku akicheka. Tulipiga picha 11. Tulipozifungua jioni, 8 zilikuwa za ukungu, 2 hazikuwa na kitu cha kusifiwa, na moja ilikuwa safi: macho yake, mikunjo ya mashavu, kitambaa chake cha kichwa, na nyuma yake mgomba uliokuwa rangi ya kijani tu.

Baada ya miezi minne koko akatutoka. Wamama, mnajua tunavyofanya siku za kilio: watu wanatafuta picha, hawaioni, wanachukua kadi ya uchaguzi na kuikuza mpaka uso unakuwa madoa. Safari hii watu waliingia uani wakamkuta koko anacheka. Mama mkubwa mmoja alisimama mbele ya picha ile muda mrefu, kisha akasema: «Huyu ndiye yeye.» Hilo ndilo tulilopata kwa dola 27.

Sasa upande wa pili. Habari za picha zilienea, nasi tukavimba kichwa. Mama mmoja wa chama alituomba tupige siku ya mahari ya binti yake, akatupa dola 40. Tulipaswa kukataa. Lenzi ya kulenga kwa mkono inamtaka mtu aliyetulia, na siku ya mahari hakuna anayetulia. Wageni wanaingia wakicheza, shangazi anamzungusha binti, wazee wanasimama na kuketi, na hakuna atakayerudia kitu kwa ajili yako. Tulizungusha pete mpaka vidole vikauma. Tulipiga picha zaidi ya 200. Zilizofaa hazikufika 40. Na ile saa mama alipomshika binti yake mkono na kumpeleka mbele ya familia ya mume, saa aliyoingoja tangu amzae, tuna picha 6 zake, zote ukungu. Katika picha hizo unaona kitenge cha njano na kitu kama mkono.

Tulikwenda nyumbani kwake sote wanne. Tukapiga magoti, tukarudisha dola 40 kutoka mifukoni mwetu, si kutoka sandukuni. Alizipokea. Alisema: «Feza mmerudisha, ile saa hamtairudisha.» Tulijitolea kuwapiga maarusi upya bila malipo, tukawapiga, na picha zilikuwa nzuri. Mama huyo bado anatusalimu, lakini si kama zamani. Tumeomba ruhusa yake kabla ya kuandika maneno haya, akakubali ili wengine wajifunze.

Kwa hiyo tukaamua kutafuta lenzi inayolenga yenyewe. Kwa kuwa ile ya kiwanda cha kamera ilikuwa bado ghali, tuliangalia za viwanda vingine. Wamama wengi hawajui kwamba kampuni inaweza kutengeneza lenzi kwa ajili ya kamera ya kampuni nyingine. Ziko za Japani kama Sigma, Tamron na Tokina. Iko Samyang ya Korea Kusini. Iko Yongnuo ya China. Nyingi ni nzuri, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Shida ni kwamba lenzi inayolenga yenyewe inaongea na kamera kwa umeme, na kiwanda cha nje mara nyingi kinalazimika kujifunza lugha hiyo chenyewe. Kamera ikija mpya na maneno mapya, lenzi ya zamani inaweza isielewe.

Tuliligundua hilo kwa hasara. Ukweli ni kwamba ya kwanza tulikuwa tumeshainunua sokoni mapema, kwa dola 25 za sanduku, lenzi ya kuvuta ya wakati wa filamu. Dukani ililenga vizuri, tukafurahi. Nyumbani, tulipofunga mlango wa mwanga mpaka f/8, kamera iliandika kwamba kuna kosa, ikakataa kabisa. Ikifunguliwa mpaka mwisho inapiga. Ikifungwa kidogo tu inagoma. Muuzaji hakutaka kuipokea tena. Kosa lilikuwa letu pia: tulipiga picha mbili tu dukani, zote mlango ukiwa wazi.

Ya pili tuliinunua kwa akili zaidi, kwa dola 65 tulizochanga wenyewe: 50mm f/1.8 kutoka kiwanda kingine, imetumika kidogo. Tulimwendea muuzaji na kamera yetu, tukapiga kwa f/1.8, f/4, f/8 na f/16, karibu na mbali, kivulini na juani. Ina kelele wakati wa kulenga, mtoto aliyelala anaweza kuamka, na gizani wakati mwingine inatafuta na kutafuta. Lakini kwenye ubatizo na komunyo ya kwanza inatuletea sura za watu, na hicho ndicho wanachotulipa.

Tulipata somo lingine kutokana na uzembe. Tuliifunga Helios ndani ya kikwembe, tukaiweka kabatini Septemba mvua zilipoanza. Tulipoitoa kabla ya Noeli, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Ni ukungu wa uchafu, ule unaoota kwenye mkate. Unapenda giza na unyevu, na ukiachwa muda mrefu unakula uso wa kioo, alama haitoki tena. Fundi alifaulu kuisafisha kwa sababu tuliiwahi. Sasa tunaweka lenzi katika kopo la plastiki la chakula linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Na kila juma tunazitoa zipate hewa, hata kama hatupigi.

Kwa mama anayetaka kujaribu, haya ndiyo tunayoyaangalia leo kabla ya kutoa feza:

1. Shika lenzi mbele ya dirisha, fungua mlango wa mwanga mpaka mwisho, angalia kupitia pande zote mbili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi za ukungu, iache.

2. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele mara nyingi hauonekani katika picha. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma unadhuru zaidi.

3. Zungusha pete ya kulenga mwanzo hadi mwisho. Ikikwama, grisi imekauka. Tazama na vile vibao vyembamba vya mlango wa mwanga kama vina mafuta.

4. Ukiifunga kwa mara ya kwanza, zungusha polepole. Katika baadhi ya kamera, hasa za sensa kubwa, sehemu ya nyuma ya lenzi inaweza kugusa kile kioo kinachoinuka.

5. Kama lenzi inatumia umeme, ijaribu kwa kamera yako wewe, na mlango wa mwanga ukiwa umefungwa.

6. Ukiona kioo kimegeuka rangi ya manjano, uliza. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, kama nyingi za Super-Takumar 50mm f/1.4, zina kioo chenye thoriamu, inayotoa mionzi kidogo. Kupiga nayo picha hakuogopeshi, lakini usiifungue, usiivunje, wala usiifanye mchezo wa mtoto.

7. Lenzi yoyote isiyofunikwa usiiache juani: inakusanya jua na inaweza kuchoma kitambaa. Na mtoto asitazame jua kupitia lenzi hata mara moja, macho hayauzwi sokoni.

Hesabu yetu ni hii. Katika dola 60 za sanduku, 20 zilikwenda kwa Helios, 7 kwa pete, 25 zilipotea kwa lenzi ile iliyogoma, na 8 zilimlipa fundi na kopo. Tulirudisha zote katika mwezi wa sita, pamoja na faida ya sanduku, kwa picha za ubatizo. Kwa hiyo hatukudhulumu mtu. Lakini lenzi ya dola 20 haikuwa ya dola 20 tu. Ilitudai siku za Mungu nyingi, mamia ya picha za ukungu, na deni moja ambalo hatulioni namna ya kulimaliza.

Tunachosema ni hiki. Lenzi ya zamani ni nzuri kwa mtu anayeweza kukungoja: koko barazani, mtoto aliyelala, mama anayenyonyesha, shamba asubuhi. Jizoeze na hao, nao watapata picha wasiyokuwa nayo. Lakini siku ya mtu ambayo haitarudi, usiifanye siku yako ya kujifunza. Sema wazi: «Hili bado siliwezi.» Maneno hayo matatu yangetuokolea rafiki.

Siku ya posho ijayo, kama nyumbani kwenu kuna kamera ya filamu iliyokufa ambayo baba au mjomba aliiacha ndani ya sanduku, msiitupe wala msiwape watoto. Njoni nayo mkutanoni, tuitazame pamoja dirishani. Na kama kuna koko, njoni naye pia. Tutamngoja atulie, kisha tutampiga picha bila malipo.